Karatasi ya Dawa Isitupwe

Wamama, wiki ya mtihani mtoto mmoja wa darasa langu alilala juu ya meza tangu saa mbili mpaka mapumziko. Asubuhi alikuwa ameamka na homa, mama yake akampa vidonge, akaja shule. Tulimpeleka kituo cha afya, na muuguzi akauliza swali moja tu: «Amekunywa dawa gani?» Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. «Ni hivi vya njano, mwalimu. Nilinunua pale njia panda.»

Kikaratasi kilikuwa cha daftari la shule, na hesabu za kugawanya juu yake (jibu lenyewe lilikuwa na kosa). Jina la dawa halikuwapo, wala tarehe ya mwisho, wala alama ya duka. Muuguzi aligeuza kidonge mara mbili, akakirudisha. Mtoto alipona, Mungu asifiwe, lakini mpaka leo hatujui alikunywa nini.

Nilikumbuka Ituri. Tangu mwisho wa 2014 mpaka mwezi wa nane 2015, watu zaidi ya 1,000 walilazwa kule, wengi wao watoto wadogo. Shingo zilijikunja, ulimi ukatoka nje, macho yakageuka juu. Watu wakadhani ni meninjiti. Walikufa 11. Walipopima mikojo ya wagonjwa na vidonge vyenyewe, ukweli ulionekana: vidonge vya njano vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani, dawa ya wagonjwa wa akili. Hakuna mzazi aliyekosea. Waliamini jina lililoandikwa kwenye chombo.

Sasa, mzazi wa namna hiyo afanye nini? Kwetu tunalia, tunazika, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini sheria yetu ya tangu 1888 juu ya mapatano, kifungu cha 258, inasema kwamba yeyote anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuitengeneza. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bwana wa kazi anajibu kwa kosa ambalo mtumishi wake alifanya kazini. Basi mwenye duka hawezi kujificha nyuma ya kijana anayeuza.

Kesi hiyo si ya kumfunga mtu. Ile ni ya parke. Hii ni ya kudai malipo: gharama za hospitali, siku za kazi zilizopotea, hata uchungu wa moyo. Mbele ya tribinali mzazi anaonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitoka kwa kosa lile. La tatu ndilo linaloshinda wengi. Mzazi anasema, «Nilinunua kwako.» Muuzaji anajibu, «Mimi? Sikujui.» Kikaratasi cha hesabu hakitasema kitu.

Gambia wazazi walijaribu. Mwaka 2022 watoto wasiopungua 66 walikufa kwa kuharibika figo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 mwezi wa kumi kwamba dawa nne za maji za watoto, zilizotengenezwa India, zilikuwa na sumu ya aina inayotiwa katika radieta za magari. Mwaka uliofuata baadhi ya wazazi walikwenda Mahakama Kuu ya nchi yao, wakashtaki kiwanda na pia wakubwa wa serikali walioiacha dawa iingie. Pesa haimfufui mtoto, na kesi zinachelewa sana. Lakini mkubwa akiitwa mbele ya jaji, lazima ajibu: nani alipima dawa hii mpakani?

Kwa hiyo nawaomba, hata ukinunua vidonge vinne, mwambie muuzaji akuonyeshe boksi. Andika jina la dawa, namba ya loti na tarehe ya mwisho. Omba fakture, hata ya kuandikwa kwa biki, yenye jina la duka. Muuzaji akikataa, nenda duka lingine. Mtoto akibadilika, usitupe vidonge vilivyobaki. Vipeleke kituo cha afya pamoja na mtoto, na uombe karatasi ya muuguzi inayosema alichokiona na siku gani.

Najua mtasema avoka ni ghali. Ni kweli. Lakini asiye na uwezo anaweza kumwomba jaji amsamehe gharama za kufungua kesi, akileta hati ya ukosefu wa mali.

Mwenye jambo la namna hii alete karatasi zake kwenye mkutano wetu. Tutazisoma pamoja, na wawili kati yetu watamsindikiza tribinali.