Wageni wawili wa Mugo

"Msaliti ni msaliti tu, ndugu yangu," rafiki yangu mmoja anayefundisha fasihi aliniambia mwezi uliopita, akakisogeza kikombe chake cha kahawa pembeni kama hakimu aliyekwisha toa hukumu. Tulikuwa tukibishana juu ya Mugo, yule mkulima mpweke katika A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1967. Sikuwa na jibu siku ile. Nikaenda kuisoma upya.

Kwa asiyeijua: tuko kijiji cha Thabai, siku chache kabla ya Uhuru wa Kenya wa tarehe 12 Desemba 1963. Wanakijiji wanataka Mugo awe msemaji mkuu wa sherehe. Walimwona akimkinga mwanamke aliyekuwa akichapwa kwenye kazi ya kuchimba handaki. Wakasikia jinsi alivyonyamaza katika kambi ya kizuizini ya Rira, akateswa na asiungame. Kumbe Mugo ndiye aliyekwenda kwa afisa wa wilaya (DO) wa kikoloni, John Thompson, akamtaja Kihika, mpiganaji wa msituni. Kihika akanyongwa hadharani. Tuhuma akatupiwa Karanja, kibaraka wa Wazungu, na wapiganaji wamepanga kumfichua siku hiyohiyo ya sherehe.

Kwa nini alimuuza mwenzake? Hapa ndipo Ngũgĩ anaponipendeza, maana hatupi sababu moja ya kushika. Mugo ni yatima aliyelelewa na shangazi mlevi. Hakutaka makuu: jembe, shamba, riziki ya jasho lake, na watu wamwache. Usiku ambao Kihika alimuua DO mwingine, Robson, alikimbilia kibandani kwa Mugo, na hatari ikaingia naye. Hofu ipo, basi. Husuda nayo ipo: Kihika ana wazazi na ndugu wa kumlilia, Mugo hana wa kumzika. Lipo pia tangazo la zawadi kwa atakayewezesha kukamatwa kwa Kihika. Na lipo jambo linalonitisha zaidi ya hayo yote, raha ya mtu aliyezoea kupuuzwa anapogundua kwamba sasa ameshika kitu kizito mkononi.

Hata sifa zake zina ufa. Kambini wafungwa waliteswa ili wakiri kiapo cha wapiganaji, ilhali Mugo hakuwahi kula kiapo chochote. Angekiri nini? Kijiji kikakiita kimya hicho ushujaa.

Kisha akaja Mumbi, dada wa Kihika, kumsihi akubali kuhutubia. Alikuwa amemweleza mambo yake mwenyewe bila kuficha aibu yake, kuhusu Karanja na mtoto aliyezaa naye wakati mumewe Gikonyo yuko kizuizini. Mugo akashindwa kuendelea kubeba uongo mbele ya mtu anayemwamini kiasi hicho. Akamwambia ukweli. Siku ya sherehe akasimama mbele ya umati na kuurudia.

Rafiki yangu anasema aliungama ili atue mzigo wake tu. Kweli, riwaya inasema alijisikia mwepesi mara maneno yalipomtoka. Lakini hakuna aliyekuwa akimshuku! Angenyamaza, Karanja angeangamia kwa kosa lisilo lake na yeye Mugo angeshuka jukwaani akiwa kiongozi. Ni wangapi miongoni mwetu wangekataa biashara hiyo?

Ninavyomsoma mimi, Mugo alijiliwa na wageni wawili katika kibanda kilekile. Wa kwanza alimdai, naye akamtoa auawe ili abaki peke yake. Wa pili alimwamini, naye akakubali kuupoteza upweke alioulinda kwa damu ya mtu. Nia yake haikutakata hata siku ile jukwaani. Muda mfupi baadaye hofu ilimrudia, akatamani kutoroka. Toba yake naihesabu hivyohivyo, na woga wake ndani yake.

Haikumwokoa. Jenerali R. na Koinandu walimfuata nyumbani wakampeleka kwenye hukumu, na mwamuzi akawa Wambui, bibi mzee aliyeshiriki katika mapambano. Tukimwona Wambui kwa mara ya mwisho, anawaza kwamba huenda hawakupaswa kumhukumu.