Mche wa mgomba uliotoka chupani huachishwa ziwa polepole



Katika vikundi vyetu kuna swali linalorudi kila mara msimu wa kupanda unapokaribia: je, tutoe pesa ya mfuko tununue ile miche ya migomba ya maabara, ile inayoitwa vitroplanti? Wengine wanasema ni mizuri sana. Wengine wanasema walinunua, na baada ya wiki mbili ikafa yote. Wote wawili wanasema kweli, na leo tutazame ni kwa nini.

Kwanza tukumbuke jambo lililotufikisha hapa. Mnyauko wa migomba ulijulikana Ethiopia mwaka wa 1968, katika mmea wa ensete, ndugu wa mgomba. Mwaka wa 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huohuo ukaonekana kwetu Masisi, Kivu ya Kaskazini. Toka hapo umesambaa katika Kivu zote mbili. Alama zake mnazijua: majani yanalegea na kuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa.

Hasara yake si ya chakula peke yake. Mgomba ndio kasiksi ya harusi, na ndio mkungu unaoenda sokoni wakati mtoto wa sekondari anapodaiwa minervali. Sisi walimu tunaziona nafasi tupu darasani shamba la nyumbani linapokauka.

Chupa inafanya nini?

Kazi ya kukuza mimea ndani ya chupa ilianza zamani na maua ya okidi. Vanila inayolimwa upande wa Beni ni ya ukoo huo. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake. Mwaka wa 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu hiyo inaweza kuota ndani ya chupa safi, juu ya jeli yenye sukari na chumvi za udongo. Mwaka wa 1960 Mfaransa Georges Morel akaonyesha kwamba hata kipande kidogo cha ncha ya okidi kinaweza kuzaa miche mingi ndani ya chupa. Kwa mgomba njia ni hiyohiyo: maabara huchukua moyo wa chipukizi moja zima, huukata vipande vidogo, huvisafisha na kuvikuza chupani mpaka vimekuwa mamia ya miche.

Faida yake ni kubwa. Mche huo unatoka bila bakteria za mnyauko, bila fukusi wa mgomba, bila minyoo ya mizizi. Lakini chupani umelelewa kwa namna ya pekee. Hewa ya mle ina unyevu mwingi, kwa hiyo majani hayana ile nta nyembamba inayozuia maji kupotea, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga. Umekula sukari ya jeli, haujajifunza kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Mizizi yake haijawahi kugusa udongo.

Mama yeyote anaelewa hali hiyo. Mtoto wa ziwa hatolewi kifuani asubuhi na kupewa bugali na sombe jioni. Ndivyo ilivyo kwa mche huu. Ukiutoa chupani na kuupanda shambani siku hiyohiyo, jua la saa sita litaukausha hata kama umeumwagia maji. Hakuna aliyekuuzia mche mbaya, haukuachishwa ziwa.

Hatua za kuulea

Kazi hii huchukua karibu miezi mitatu. Hufanyika katika kitalu, yaani pepinyeri, chini ya kivuli kizuri.

1. Kabla ya kufungua. Acheni chupa zikiwa zimefungwa siku chache mahali penye kivuli na mwanga wa kutosha, ili miche izoee joto la hapo. Zisipigwe na jua moja kwa moja, kwa sababu chupa itachemka.

2. Kutoa na kuosha. Nawa mikono kwa sabuni. Shika mche chini karibu na mizizi, usiuvute kwa jani. Uoshe katika beseni la maji safi ya uvuguvugu mpaka jeli yote iondoke. Sukari ikibaki kwenye mizizi inaita ukungu, na ukungu unaozesha mche kwa siku chache.

3. Kupanda mara ya kwanza. Tumieni udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, uliopikwa kwa mvuke katika pipa la chuma kwa saa moja au zaidi, kisha ukapoa kabisa. Msiweke mbolea kali wakati huu. Pandeni miche midogo peke yake na mikubwa peke yake, ili mikubwa isiifunike midogo.

4. Wiki mbili za kwanza. Funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, iliyotandikwa juu ya fito kama hema dogo, yote ikiwa chini ya kivuli. Nyunyiza maji kidogokidogo mara kadhaa kwa siku, kama ukungu wa asubuhi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

5. Wiki ya tatu na ya nne. Fungua nailoni kidogo asubuhi na jioni, na kila siku ongeza muda. Majani yakilegea, funika tena, ujaribu kesho. Mwisho wa mwezi nailoni iondoke kabisa.

6. Sasheti. Sasa hamisha kila mche katika sasheti yake, yenye udongo mzuri na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Hapo utakaa wiki sita hadi nane. Punguza kivuli polepole, na siku za mwisho mche uzoee jua lote.

Mche ulio tayari una urefu wa sentimita 30 hivi, na majani mapana matano au sita. Ule uliodumaa kuliko wenzake, au wenye majani membamba au yenye mabaka ya ajabu, utupeni palepale. Chupani mara nyingine hutokea miche iliyogeuka, nayo haitazaa vizuri hata ikitunzwa.

Kikundi kinunue miche ya hatua gani?

Hapa ndipo pesa za vikundi hupotea. Miche huuzwa katika hatua tatu: ikiwa bado chupani, ikiwa imetoka tu chini ya nailoni, au ikiwa katika sasheti tayari kwa shamba. Ile ya chupani huwa na bei ndogo, kwa hiyo macho ya mweka hazina yanaikimbilia. Lakini bei hiyo haijahesabu kazi ya miezi mitatu. Kabla ya kutoa pesa, ulizaneni wazi: nani atanyunyiza maji Jumapili? Nani siku ya soko? Nani siku ya matanga? Kama kuna wamama wanne au watano wanaoishi karibu na kitalu na wako tayari kushika zamu, nunueni ya chupani, kwanza michache. Andikeni katika daftari idadi mliyopanda na idadi iliyo hai kila wiki. Daftari hilo litawaambia kama mko tayari kuongeza. Kama watu wa zamu hawapatikani, ni heri miche 50 ya sasheti kuliko 200 ya chupani.

Muuzaji naye aulizwe: aina ya ndizi ni ipi? Mche umetoka chupani lini? Je, mgomba mama ulipimwa virusi? Swali hili la mwisho ni la lazima. Chupa huondoa bakteria na wadudu, lakini virusi vinaweza kupita na kuingia katika kila mche. Mmojawapo ni ule unaofanya majani kusimama yamebanana kileleni kama fungu la mboga, nao uko Congo.

Chupa si chanjo

Mche huu ni safi, lakini haukingwi na ugonjwa. Ukiupanda pale mgomba mgonjwa uliposimama jana, utaugua. Baada ya kung'oa migomba yote iliyougua, ngojeni angalau miezi sita mkilima maharagwe au mahindi hapo. Na kama shambani ni shina moja tu lenye mnyauko katika kishina cha mgomba, hakuna haja ya kung'oa vyote na kukimbilia chupa. Kata shina hilo chini kabisa usawa wa udongo, endelea kukagua kila wiki, na mara nyingi machipukizi mengine yatasalimika.

Siku ya kupanda, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, weka mbolea iliyooza, acha mita 3 kati ya mgomba na mgomba. Panda mvua zinapoanza mwezi wa Septemba au Oktoba, na tandaza majani makavu kuzunguka. Miezi ya kwanza mche huu unahitaji maji na palizi kuliko chipukizi la kawaida.

Kisha kuna kisu. Mnyauko hutembea kwa panga letu wenyewe, na kwa wadudu wanaotua kwenye ua. Kila ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, pasha panga katika moto, au ulichovye katika maji ya javeli, kikombe kimoja cha javeli kwa vikombe vitano vya maji. Ua la kiume likatwe mara tu chane la mwisho linapotokea, kwa kijiti chenye panda, bila kisu.

Mama akifanya hivyo, mgomba mmoja wa chupani utampa machipukizi yasiyo na ugonjwa, ambayo hatayanunua tena. Atapanda mengine, na mengine atampa jirani. Kabla ya kumpa jirani chipukizi, ampe kwanza somo la panga.