Kansa Imepona, Mbona Kifungo Hakifungiki?

Msomaji, hebu jiweke hapa: umepanda boti Malindi, umevuka bahari mara kadhaa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, na dripu zako za kansa umemaliza. Nywele zimerudi. Mkunazini nzima inasema, "Alhamdulillahi, kapona!" Lakini kandambili inakuvuka njiani na wala huna habari. Kifungo hakifungiki. Usiku nyayo zinawaka moto.

Si uchawi jamani, wala si deko. Dawa zinazoua kansa, kama paklitakseli, sisplatini na vinkristini, huumiza pia mishipa ya fahamu. Ile mirefu ndiyo huanza kuumia, ndiyo maana ganzi hukamata vidole kwanza. Sisplatini ina vituko zaidi: ganzi yaweza kuzidi miezi kadhaa baada ya dawa kusimama!

Uchambuzi wa mwaka 2014, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 4,000, ulikuta hivi: mwezi wa kwanza baada ya dawa, 68 kati ya kila 100 walikuwa na tatizo hili. Miezi sita na kuendelea, bado 30.

Sasa ufanyeje? Ukisikia ganzi dripu zikiendelea, mwambie daktari mapema, usione haya. Anaweza kupunguza dozi. Kwa maumivu ipo duloksetini, huwasaidia baadhi. Vaa viatu vya kufunika, maji ya moto yapime kwa kiwiko.

Nanyi wa barazani, bibi akiangusha kikombe cha kahawa, msimcheke. Vidole vyake havikisikii.