Je, Wajua? Boksi la Hewa Nalo Ni Sehemu ya Kabureta

Honda CB750 iliyotoka Japani mwaka 1969 ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 736, na kabureta nne za Keihin zenye koo la milimita 28 kila moja. Nyuma ya kabureta hizo, chini ya kiti, kuna boksi la plastiki lenye chujio ndani. Halivutii macho, na ndiyo maana wapenzi wa pikipiki kongwe wanaotaka kuipa sura ya mbio huanza kwa kuling'oa na kuchomeka vichujio vinne vidogo vya umbo la koni, kimoja kwa kila kabureta. Hoja yao ni kwamba injini hupumua, na ikipumua kwa uhuru zaidi itatoa nguvu zaidi. Lakini ikiingia barabarani, pikipiki hiyo hukohoa, hunywea pale mpandaji anapovuta mafuta kwa ghafla, na pengine hukataa kuchanganya. Fundi hubadilisha jeti, vile vijitundu vya kupimia petroli, ikapona huku ikaugua kule. Maelezo yanayotolewa karibu kila mara ni kwamba hewa imezidi. Maelezo hayo yana kasoro, na ndiyo inayowafanya watu wahangaike na skrubu miezi mizima. Boksi lile ni sehemu ya kipimo cha kabureta. Anayeling'oa huvuruga kipimo, na hewa anayoongeza ni kidogo mno.

Kabureta haina pampu. Inategemea kanuni aliyoiandika Daniel Bernoulli mwaka 1738, na ambayo Giovanni Battista Venturi aliichunguza katika mabomba yaliyobanwa, akachapisha matokeo yake mwaka 1797: hewa au maji yakipita mahali pembamba huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka mgandamizo hushuka. Petroli hukaa kwenye bakuli chini ya kabureta, kimo chake kikilindwa na boya, na bakuli hilo lina tundu linaloliunganisha na hewa ya nje. Hewa ya nje huisukuma petroli kutoka bakulini, na kooni mgandamizo ni mdogo. Tofauti kati ya pande hizo mbili ndiyo inayoipandisha petroli kupitia jeti. Kabureta haina njia ya kujua ni lita au gramu ngapi za hewa zimepita. Inachoitikia ni tofauti hiyo ya mgandamizo peke yake.

Sasa tuangalie ukubwa wa tofauti hiyo. Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, mahali ambapo Honda iliitangazia CB750 nguvu ya farasi 67, kila silinda huvuta hewa mara 67 hivi kwa sekunde. Silinda zote zikijaa sawasawa, hiyo ni kama lita 49 za hewa kwa sekunde, au lita 12 kwa kila koo. Kwa kuwa vali ya kuingiza hewa hufunguka kwa sehemu tu ya muda huo, hewa hulazimika kupita kooni kwa kasi inayokaribia mita 70 kwa sekunde. Kasi hiyo hushusha mgandamizo kwa paskali 3,000 hivi, yaani asilimia 3 ya mgandamizo wa hewa usawa wa bahari. Mfyonzo wote unaoilisha injini hii inapofanya kazi kwa nguvu zake zote ndio huo, na ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Tuchukulie kwamba chujio na njia za boksi huizuia hewa kidogo, kiasi cha kushusha mgandamizo kwa paskali 500 kabla hewa haijafika kwenye kabureta. Bakuli la petroli halimo ndani ya boksi. Lenyewe linapata hewa ya nje. Kwa hiyo mfyonzo unaoifikia jeti ni 3,000 pamoja na zile 500, jumla 3,500. Ukiling'oa boksi, uzito wa hewa inayoingia unaongezeka kwa nusu ya asilimia, kiasi ambacho hakuna mpandaji anayeweza kukihisi. Mfyonzo, hata hivyo, umeshuka kutoka 3,500 hadi 3,000, na kwa vile mtiririko wa petroli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya mgandamizo, petroli imepungua kwa asilimia 7. Pikipiki iliyokuwa ikichoma gramu 13 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kiwango kilicho karibu na kile cha nguvu nyingi zaidi, sasa imefika 14 na ushei. Hewa imeongezeka kwa nusu ya asilimia, petroli imepungua kwa asilimia saba. Anayesema hewa imezidi ameona tatizo la kweli, ila amelihusisha na upande usio wake.

Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inaeleza jambo ambalo mafundi wamelijua kwa mikono. Namba za jeti kuu za Keihin hufuata kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: jeti 110 ina tundu la milimita 1.10. Ukipanda hadi 115 umeongeza kipenyo kwa milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba, lakini eneo la tundu limekua kwa asilimia 9. Hiyo inatosha kulipa upungufu tulioupata hapo juu. Anayeruka kutoka 110 hadi 130 kwa imani kwamba hewa sasa ni tele ameongeza eneo kwa karibu asilimia 40, na plagi zake zitajaa masizi. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi: mchanganyiko mwepesi huchoma kwa joto kali, na injini hii, ambayo haina maji ya kupooza, hutegemea kwa sehemu petroli ya ziada ili vichwa vya pistoni visiungue.

Kama kazi ya boksi ingekuwa kuongeza mfyonzo tu, jeti kubwa zaidi ingemaliza habari. Lipo jambo la pili, nalo ndilo linalowashinda wengi. Vali ya kuingiza hewa huchelewa kufunga, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na katika mizunguko ya chini sehemu ya mchanganyiko hurudishwa nyuma. Mawimbi ya mgandamizo nayo huenda na kurudi katika bomba kwa kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde. Kabureta haichagui upande: hewa ikiingia hufyonza petroli, ikirudi nyuma hufyonza tena, ikiingia upya hufyonza mara ya tatu. Kwenye kabureta iliyo wazi ukungu huo wa petroli huonekana kwa macho ukielea mdomoni. Matokeo yake, mchanganyiko huwa mzito katika mizunguko fulani na mwepesi katika mizunguko mingine, jeti ikiwa ileile na mkono wa mpandaji ukiwa palepale. Boksi kubwa linalotumiwa na silinda zote nne huyatuliza mawimbi hayo. Silinda moja inaporudisha, nyingine inavuta. Jeti inaweza kuupandisha au kuushusha mchanganyiko katika masafa yote inayoyatawala, lakini haiwezi kusawazisha mabonde na vilima vilivyomo ndani yake.

Umbo la mlango lina uzito wake pia. Hewa ikiingia kwenye bomba lenye ukingo mkali hupoteza karibu nusu ya mgandamizo wa mwendo wake, na bomba likichomoza peke yake hewani hasara hukaribia yote. Mdomo uliotanuka na kuviringwa kama tarumbeta huishusha hasara hiyo chini ya asilimia 5. Mipira ya maboksi mengi ya kiwandani ina midomo ya namna hiyo ndani, mahali pasipoonekana, ilhali vichujio vingi vya koni vya bei rahisi huishia kwa ukingo wa mpira uliokatwa wima. Baadhi huziba hata vijitundu vilivyo mdomoni mwa kabureta, vile vinavyopeleka hewa kwenye njia ya mizunguko ya chini na kwenye bomba la sindano, ile inayopima petroli koo likiwa wazi nusu. Kijitundu kimoja kikizibwa, hakuna skrubu itakayoleta suluhu, na fundi atabadilisha jeti bure.

Atakuja mtu na kusema: mbona pikipiki za mashindano hazina boksi? Ni kweli. Mwaka 1970 Dick Mann alishinda mbio za Daytona 200 huko Florida juu ya Honda iliyotokana na hii hii CB750, na injini za mbio za wakati huo zilipumua kupitia midomo mitupu ya tarumbeta. Lakini injini ya mbio huishi katika masafa membamba ya mizunguko ya juu, koo likiwa wazi, na urefu wa tarumbeta huchaguliwa ili wimbi linalorudi lifike vali ikiwa wazi na kusukuma hewa ndani. Hakuna anayejali ikikohoa katika mizunguko 3,000. Mtu anayekwenda kazini hutumia mizunguko 3,000 kuliko mingine yote. Zaidi ya hayo, Honda nne zilianza mbio zile na ya Mann pekee ndiyo iliyomaliza, jambo ambalo lilitokana na sehemu nyingine za injini lakini linaonyesha injini ya mbio hutengenezwa kwa masharti gani.

Wengine hutegemea kabureta inayojirekebisha, ile ambayo kipande chake cha kupanda na kushuka huinuliwa na mfyonzo wenyewe badala ya waya. Wazo hilo ni la zamani: George Herbert Skinner wa Uingereza alilitumia mwanzoni mwa karne ya 20, na kabureta zake za kwanza ziliinuliwa na mfuko wa ngozi. Honda iliweka kabureta za jinsi hiyo kwenye CB450 na CB350. Kwa kuwa hujirekebisha, inaonekana zingestahimili mabadiliko vizuri zaidi. Ukweli ni kinyume. Kabureta ya waya husumbuliwa na mvurugiko wa hewa katika kupima petroli peke yake. Hii husumbuliwa mara mbili, kwa sababu hewa inayokaa chini ya utando unaokiinua kipande hicho hutoka mdomoni mwa kabureta, na mdomo ukipigwa na upepo wa pembeni kipande kile hutetemeka badala ya kutulia. Kwenye pikipiki za aina hii ningeshauri boksi libaki hata kama limechakaa.

Hoja ya kuendesha bila boksi iliyo na nguvu kuliko zote ni ya vipuri. Mipira ya miaka 50 hukakamaa na kusinyaa, boksi hupasuka, na anayenunua pikipiki leo huenda akaipata tayari haina kitu. Huyo hana chaguo ila kurekebisha, na kazi inawezekana iwapo itafanywa kwa utaratibu. Kwanza mwanya wa vali, taimingi, kimo cha boya na mipira inayounganisha kabureta na injini iwe sawa, kwa sababu mpira unaovuja hewa huonyesha dalili zilezile za jeti ndogo. Kisha jeti kuu ijaribiwe koo likiwa wazi kuanzia robo tatu hadi mwisho, ikipandishwa namba moja moja. Baada yake sindano, inayotawala katikati, ipandishwe au ishushwe kwa kuhamisha kibanio katika vijifuo vyake. Jeti ya chini na skrubu ya hewa hufuata, na mwisho kabureta zote nne zisawazishwe kwa vipimo vya mfyonzo ili zivute sawa. Sikio la fundi mzoefu hutambua mengi, ila haliwezi kutofautisha 13 na 14. Rangi ya plagi, iliyokuwa kiongozi cha kuaminika enzi za petroli yenye risasi, sasa hufifia na kuchelewa kujitokeza. Kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi hutoa namba, mradi msomaji akumbuke kwamba silinda inayoruka moto hutoa oksijeni isiyochomwa, na kihisi kitasema mchanganyiko ni mwepesi hata kama umezidi uzito.

Kuna mtego mmoja unaowahusu wapandaji wa nchi zetu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ambapo kila lita ya hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko Mombasa. Hewa hupungua kwa kiasi hicho chote, lakini petroli, kwa kufuata kipeuo cha pili, hupungua kwa nusu yake tu. Kwa hiyo kabureta iliyopimwa pwani huwa na mchanganyiko mzito zaidi kwa karibu asilimia 9 ikifika Nairobi. Linganisha na asilimia 7 zilizopotea tulipong'oa boksi. Mtu wa Nairobi mwenye jeti za usawa wa bahari anaweza kuling'oa, akaona pikipiki imechangamka kuliko mwanzo, na akaamini kwamba hakukuwa na haja ya kubadilisha chochote. Akiteremka Mombasa kwa mwendo wa kasi, kwenye joto, nafuu aliyopewa na mwinuko humtoka kidogo kidogo njiani, na jeti iliyoonekana sahihi inakuwa ndogo kwa injini iliyopakiwa mzigo. Huyo anahitaji kubeba seti ya jeti kubwa zaidi na kuzifunga kabla ya kuanza kuteremka.