Simu ya Intaneti Katika Ofisi ya Chama: Inavyofanya Kazi na Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Katika vyama vyetu vingi vya msingi, namba ya simu iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ni namba ya mtu. Ni laini ya Katibu, imesajiliwa kwa jina lake, na hukaa mfukoni mwake. Mnunuzi akitaka kujua kiasi cha mazao kilichomo ghalani, humpigia Katibu. Mwanachama akitaka kujua siku ya malipo, humpigia Katibu. Siku Katibu anapougua, simu haipokelewi. Na siku anapoacha kazi, namba huondoka naye, pamoja na wanunuzi wote waliozoea kuipiga. Chama kimeandika katika daftari mizani, viti na magunia yake, lakini mlango wake wa kuzungumza na watu wa nje hakikuuandika popote. Nasi sote twajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi wauzaji wa vyombo vya mawasiliano hunadi mfumo wa simu unaopitia intaneti, na husema kwamba utaondoa taabu hiyo na kupunguza gharama. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, ili Halmashauri na Mkutano Mkuu waamue kwa kuelewa.

Sauti husafirije?

Katika simu ya waya ya zamani, watu wawili wanapozungumza hupewa njia yao peke yao tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Hata wakinyamaza, njia hiyo hubaki yao, na hulipiwa.

Simu ya intaneti hufanya vingine. Chombo huipima sauti ya msemaji mara 8,000 kila sekunde na kuvigeuza vipimo hivyo kuwa tarakimu. Kwa kawaida tarakimu hizo hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande hutiwa katika pakiti yenye anwani ya kule kinakokwenda na namba ya mfululizo. Kwa hiyo kila sekunde ya maneno ni pakiti 50. Pakiti hizo husafiri pamoja na barua, picha na hesabu za watu wengine, na zifikapo hupangwa tena kwa namba zake, zikageuzwa kuwa sauti.

Mfano wake ni magunia yanayotoka chamani kwenda ghala kuu, kila moja likiwa na alama ya chama na namba yake. Yanaweza kuchukuliwa na malori mbalimbali, hata kwa barabara mbalimbali, na mwenye ghala akayapanga upya. Lakini iko tofauti moja kubwa. Gunia lililochelewa bado lina thamani. Pakiti ya sauti iliyochelewa hutupwa, maana neno lake limekwisha pita. Ndiyo sababu katika intaneti mbovu barua hufika salama, ila mazungumzo hukatikakatika.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unapendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani mwa mmoja hadi sikioni mwa mwenzake, ili mazungumzo yaende vizuri. Kwa miaka mingi sehemu zetu za Afrika Mashariki hazikuweza kukifikia kipimo hicho katika mawasiliano na nchi za mbali, kwa sababu intaneti ilipitia setilaiti zilizo juu ya dunia karibu kilomita 36,000. Kupanda na kushuka peke yake kulichukua karibu robo ya sekunde. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, tatizo hilo lilipungua sana.

Chanzo cha mfumo huu

Majaribio ya kusafirisha sauti kwa pakiti yalifanyika Marekani tangu mwaka 1974. Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec ya Israeli ilianza kuuza programu ya kuzungumza kwa kompyuta kupitia intaneti. Lakini kwa wenye biashara ndogo, mwaka wa kukumbukwa ni 1999. Mwaka huo Mark Spencer, kijana mwanafunzi katika jimbo la Alabama, alikuwa ameanzisha biashara ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux. Alihitaji swichibodi, na bei ikamshinda. Basi akaandika mwenyewe programu ya kuigeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi, akaiita Asterisk, akaitoa bure ili kila anayeweza aitumie na kuiboresha. Mafundi wa nchi nyingi waliijenga kwa pamoja, na mpaka leo baadhi ya swichibodi za intaneti zimetokana na kazi hiyo. Wanaushirika hatuna haja ya kufundishwa maana ya jambo hilo.

Chama hupata nini?

Kwanza, hupata namba yake. Mkataba huandikwa kwa jina la chama, na namba hubaki kuwa ya chama hata makatibu wakibadilika mara kumi.

Pili, namba moja huweza kuhudumia simu nyingi. Tuchukue mfano wa chama chenye ofisi moja na maghala mawili. Anayepiga husikia sauti ikimwambia abonyeze 1 kwa habari za malipo, 2 kwa ghala la kwanza, 3 kwa ghala la pili. Mtunza ghala huzungumza na mhasibu bila kulipia simu, maana wote wamo katika swichibodi moja. Kinacholipiwa ni intaneti tu.

Tatu, mfumo huweka orodha ya kila simu: tarehe, saa, namba na muda wa mazungumzo. Wakaguzi watakuwa na kitu cha kukagua, na mwanachama anayelalamika kwamba alipiga asipokelewe hatabishiwa. Mifumo mingine huweza pia kurekodi sauti. Hapa pana sharti: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu ni taarifa yake. Anayepiga hana budi kuarifiwa, na kumbukumbu hizo zisisikilizwe na asiyehusika.

Hesabu ya gharama

Wako wanaodhani kwamba simu ya intaneti ni bure. Makatibu wengi hupiga WhatsApp na kuona kwamba hawalipi. Lakini huko mpigaji na mpigiwa sharti wote wawe na programu hiyo. Mwanachama mwenye simu ndogo ya tochi hapatikani hivyo. Mfumo wa intaneti ukiipigia simu ya kawaida, sauti hutoka katika intaneti na kuingia katika mtandao wa kampuni ya simu, na kampuni hiyo hudai malipo yake. Kwa hiyo muulizeni muuzaji bei ya dakika kwa kila mtandao, si bei ya vyombo tu.

Intaneti nayo huliwa. Sauti isiyobanwa huhitaji karibu kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Mazungumzo ya saa moja hula karibu megabaiti 78. Sauti ikibanwa kwa njia itumikayo sana, hula karibu megabaiti 28 kwa saa. Watu watano wakizungumza kwa wakati mmoja bila kubana sauti, njia yenu iwe na kilobiti 440 kwa sekunde kila upande, mbali na kazi nyingine za ofisi.

Hatari tatu

Ya kwanza ni umeme. Simu ya waya ilipata nguvu kutoka kwenye betri za volti 48 zilizokuwa katika kituo cha simu, hivyo umeme wa kijiji ulipokatika simu iliendelea kulia. Simu ya intaneti hunyamaza papo hapo. Ruta na simu mbili tatu hazizidi sana wati 40. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, huviendesha kwa hesabu saa 15, na pungufu kidogo kwa kuwa kibadilisha umeme nacho hula sehemu yake. Gharama ya betri hiyo iingizwe katika makisio tangu mwanzo.

Ya pili ni njia yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika kwa wakati mmoja, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za kanda hii, Tanzania ikiwamo. Chama kilichotegemea intaneti peke yake kwa mazungumzo hakikuwa na pa kukimbilia. Hivyo laini moja ya kawaida isiachwe kamwe, nayo isajiliwe kwa jina la chama.

Ya tatu ni wezi. Wako watu ambao kazi yao ni kutafuta swichibodi zenye neno la siri dhaifu. Wakiipata huingia usiku au siku za mapumziko na kupiga namba za ghali za nchi za nje, na asubuhi deni ni la chama. Dawa yake ni rahisi: maneno ya siri yawe marefu na yabadilishwe kila mtumishi anapoondoka, simu za nje ya nchi zifungwe kabisa kama chama hakizihitaji, na pawekwe kiwango cha fedha ambacho kikifikiwa simu hujifunga zenyewe.

Je, chama chako kinauhitaji?

Chama chenye chumba kimoja na mtumishi mmoja hakiuhitaji. Kinachohitaji ni laini iliyosajiliwa kwa jina la chama, na simu inayobaki ofisini, iliyoandikwa katika daftari la mali. Hilo peke yake litaondoa nusu ya taabu iliyoelezwa mwanzoni, kwa gharama ndogo. Lakini chama chenye maghala kadhaa, au Union yenye matawi, huweza kuokoa fedha na muda, ikiwa intaneti yake ni ya kutegemewa.

Kabla ya Halmashauri kutia sahihi, Katibu na apate majibu ya maandishi kwa maswali haya. Je, mtoa huduma ana leseni ya TCRA? Namba ni ya nani mkataba ukivunjika? Fundi hufika baada ya muda gani? Bei zinaweza kupandishwa bila taarifa? Tena ombeni majaribio ya wiki mbili katika msimu wa ununuzi, wakati simu zinapigwa kwa wingi, wala si katika miezi ya ukimya.

Majibu hayo yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Fedha zitakazolipia simu hizo zimetoka katika mazao ya wanachama, nao wana haki ya kujua zinanunua nini. Na hata wakiamua kutonunua, mkutano huo usifungwe kabla ya kuuliza swali moja: namba iliyoko mlangoni petu ni ya nani?