Mwanafunzi Anapokuja Kando ya Kitanda Chako

  

Leo tunazungumza juu ya wale vijana wenye madaftari unaowakuta wodini au kliniki ya mama na mtoto. Wengi huuliza, "Huyu ni daktari kweli, au amekuja kujifunza juu ya mwili wangu?" Ni mwanafunzi, na ndiyo, amekuja kujifunza. Lakini kujifunza huko kuna utaratibu wake, na wewe una sauti ndani yake.

Chuo cha serikali cha KMTC kilianza Nairobi mwaka 1927, na leo kina kampasi hata hapa Isiolo. Anayesomea uuguzi na ukunga hukaa darasani kwa muda, kisha huja hospitalini. Hata wale maafisa wa kliniki, ambao wengi wetu tunawaita daktari, husoma hivyo hivyo. Wakimaliza diploma hufanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi kabla ya kujitegemea.

Kwa nini wasisome vitabuni tu? Mama, uliwahi kumfundisha binti yako kukamua mbuzi kwa maneno matupu? Mkono hujifunza kwa kushika.

Sikiliza yaliyotokea katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2010 wahudumu walifundishwa kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Walitumia mwanasesere. Miezi saba baadaye bado waliweza vizuri kwa mwanasesere, lakini kwa watoto wenyewe wodini hakuna kilichobadilika! Ndipo hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, papo hapo kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka, kutoka karibu 11 hadi karibu 7 kwa kila watoto 1,000.

Sasa fikiria zahanati ya mbali, upande wa Sericho au Oldonyiro. Ni usiku, muuguzi yuko peke yake, na mtoto amezaliwa kimya. Ana kama dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo na kuanza kumpa pumzi kwa mfuko na kinyago. Muuguzi huyo juzi alikuwa mwanafunzi. Kama hakuwahi kuzoea mfuko ule mkononi, atauzoea lini?

Hata hivyo shida zipo, na tusizifiche. Wanafunzi wanaweza kuwa wengi na walimu wachache, mpaka kitanda kimoja kizungukwe na watu sita. Mama aliyetoka Merti akijua Kiborana tu hukutana na kijana asiyejua hata neno moja la lugha hiyo. Mwingine hataki kabisa kupimwa na mwanamume. Haya si mambo ya aibu, yaseme.

Kuna jambo moja ningependa ulishike sana. Uchungu ukishakolea, kupima njia ya uzazi kwa vidole kila baada ya saa nne hutosha, isipokuwa kuwe na sababu. Shirika la Afya Duniani linashauri mama asipimwe na watu wengi, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila kupimwa kunaweza kupeleka viini ndani. Kwa hiyo mkunga akishakupima, na wanafunzi watatu wakapanga foleni nyuma yake, una haki ya kusema, "Inatosha." Kama mwanafunzi atapima, apime kwa zamu ya mkunga, mkunga akiwa pale pale.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iko upande wako. Mhudumu anatakiwa kukueleza hali yako na matibabu yako kwa lugha unayoielewa, pamoja na haki yako ya kukataa. Dharura ni kitu kingine. Damu ikimwagika hakuna muda wa maelezo marefu. Lakini siku ya kawaida uliza bila woga: "Mwanangu, wewe ni nani? Ni mwanafunzi? Anayekusimamia yuko wapi?" Kijana mwenye adabu hatachukia. Ukimkataa mwanafunzi, bado una haki ya kutibiwa.

Ukimkubali, nawe utafaidika. Muuguzi ana wagonjwa wengi, lakini mwanafunzi mara nyingi ana nafasi ya kukaa na kuuliza. Mweleze yote: mimba zilizotoka, damu uliyopoteza uzazi uliopita, na hata zile dawa za mitishamba ulizokunywa nyumbani. Mpe kitabu chako cha kliniki akisome. Swali lake moja linaweza kufichua jambo lililopitwa wakati wa haraka. Na kama anatoka katika jamii yako, mwombe akutafsirie kwa daktari.

Ukiona umetendewa vibaya, usiondoke na uchungu moyoni. Mwone muuguzi msimamizi wa wodi siku hiyo hiyo, na kama huwezi kusimama, mtume mama mkwe au dada yako akuwakilishe. Ataje siku, saa na wodi.