Sura ya 6: Kidimbwi Hulisha Robo

Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliingiza ufugaji wa samaki katika mpango wake wa kufufua uchumi, na kidimbwi cha mita 300 za mraba chenye vifaranga 1,000 wa ngege kikawa kipimo cha kawaida. Mkulima wa Karungu anaweza kuuliza kidimbwi cha nini, na Ziwa Victoria liko pale chini. Jibu mojawapo ni mboga: maji ya kidimbwi yana mbolea. Lakini ni kiasi gani?

Tuanze na chakula cha samaki. Kilo moja yenye protini asilimia 30 ina nitrojeni kama gramu 48. Samaki hujengea mwili robo hivi tu. Iliyobaki hutoka kwa kinyesi na, zaidi, kupitia matamvua ikiwa amonia. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mizizi huipenda. Nyingine huliwa na mwani unaoyapa maji ukijani, nyingine hupotelea hewani. Nyingi huzama kwenye matope, pamoja na sehemu kubwa ya fosforasi.

Kwa hiyo maji yenyewe si mazito kama rangi yake inavyodai. Tuseme kila lita ina miligramu 5 za nitrojeni. Tuta la sukuma wiki la mita 10 za mraba, likimwagiliwa lita 50 kila siku kwa siku 90, litapata gramu 22 hivi. Sukuma wiki inayochumwa mfululizo huhitaji kama gramu 100 kwenye tuta hilo. Kidimbwi kimelipa chini kidogo ya robo.

Pengo linalobaki, gramu 78, ndilo kazi ya mbolea ya dukani. CAN ina nitrojeni asilimia 26, hivyo gramu 300 zatosha. Zigawe mara tatu, uweke kando ya shina udongo ukiwa na unyevu. Ukizimwaga zote siku moja, mvua kubwa itazisomba kabla mizizi haijazifikia. DAP ni ya siku ya kupandikiza, kwa sababu ya fosforasi yake. Anayesahau maji ya kidimbwi hununua mbolea asiyoihitaji. Anayeyategemea peke yake huona majani ya chini yakigeuka manjano.

Utajiri wenyewe uko chini. Baada ya kuvua, kidimbwi kikikauka, chota matope, yaanike, kisha yachanganye na udongo wa tuta. Hapo fosforasi iliyolipiwa kwa chakula cha samaki hurudi shambani.

Mambo mawili yaangaliwe. Mwagilia udongo, si majani, na mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa, maana kidimbwi hubeba vijidudu. Pia tuta lisielekeze maji kidimbwini. Mchana mwani hufyonza kabonidioksidi, maji huzidi ualkali, na amonia ya CAN au DAP iliyosombwa hugeuka sumu kwa samaki.

Maji hayo yakielekezwa ziwani nayo hasara haiishi, inabadilisha mwenyewe tu: nitrojeni na fosforasi hulisha gugumaji, na mvuvi ndiye anayelipa. Basi pima kwanza kidimbwi kimetoa nini, ndipo uende dukani kununua kilichopungua.